Mgongo unawaka moto kwenye cherehani, na mume wangu keshalipia kiti cha bosi

Shikamoo Mama Fundi,

Mimi ni fundi nguo, nipo Mbagala, nashonea nyumbani, kuna chumba cha mbele tumekitenga ndo ofisi yangu. Nina miaka 35 na kushona nilianza nikiwa na 19 kwahiyo sio mgeni kwenye hii kazi. Nashona madera, vijora, magauni ya kitenge, na ikifika Desemba mpaka Januari ni sare za shule tu usiku na mchana. Nina cherehani ya Butterfly ya miguu, ile yenye meza yake ya mbao, af mwaka jana nikaongeza ovaloki ndogo ya umeme, ile mashine ya kupiga kingo za kitambaa zisifumuke, nimeiweka pembeni juu ya meza ambayo zamani tulikuwa tunalia chakula.

Tatizo langu mama ni kiti. Miaka yote nakalia kiti cha plastiki, hivi vyeupe vyenye mikono, kikipasuka nanunua kingine maisha yanaenda. Zamani sikuwa nasikia chochote lakini toka sare za Januari iliyopita mgongo kwa chini, hapa juu ya makalio, unawaka moto, yaani saa nne asubuhi tu nishaanza kujinyoosha na kazi bado ipo vilevile. Mabega nayo yanakakamaa, hasa nikikaa kwenye ovaloki, jioni siwezi hata kunyanyua mkono kusuka nywele za mtoto. Halafu nyuma ya mapaja panakufa ganzi, nikisimama nasubiri kwanza damu irudi ndo nitembee, baada ya dakika mbili tatu inaisha.

Nimejaribu kuweka mto. Nikaona afadhali kidogo siku ya kwanza, nikaongeza wa pili, ikawa mbaya zaidi maana nayumba na miguu haitulii kwenye padeli. Kuna mteja wangu mtu mzima akaniambia nirudi kwenye benchi la mbao kama mafundi wa zamani. Jirani yangu ambaye naye ni fundi ananiambia nizoee tu, kila fundi anaumwa mgongo, ndo kazi yenyewe.

Sasa mume wangu ananionea huruma sana, kila usiku ananikanda. Yeye anaendesha bajaji, na bila kuniambia akaanza kuweka akiba, akaenda dukani akachagua kiti cha ofisi kile kikubwa cheusi cha leza, mgongo wake unafika mpaka kichwani, mikono minene, kinazunguka na kina matairi. Bei yake 240,000 na ameshalipa 100,000, iliyobaki anamalizia mwisho wa mwezi ndo akichukue. Alinipeleka nikikalie. Mama, ni laini kweli, nilizama kabisa, na yeye kasimama pale anatabasamu nikaona siwezi kusema neno. Lakini ukweli ni kwamba miguu yangu ilikuwa inaning'inia, mimi ni mfupi, nina sentimita 153, na muda wote nilikuwa nawaza hapa nikikanyaga padeli itakuwaje na hii mikono itaingiaje chini ya meza.

Kingine, nina binti wa miaka 20 anajifunza kwangu, yeye ni mrefu kunizidi, tunapokezana hiyo Butterfly, na yeye pia ameanza kulalamika shingo.

Naomba unisaidie mambo haya. Kiti gani hasa kinafaa kwa fundi kama mimi? Mume wangu nimwambieje bila kumvunja moyo maana hiyo hela najua ameitoa wapi? Na je hii ni ya kiti tu au niende hospitali? Asante mama, Mungu akuweke.

Fundi wa Mbagala

MAMA FUNDI ANAJIBU:

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mwambie mumeo nimempa pole na hongera, mwanaume anayeona mgongo wa mkewe unaumia akaanza kuweka akiba kimyakimya huyo ni wa kushikilia.

Nianze na jirani yako. Hapana, usizoee. Mimi nimekaa kwenye cherehani zaidi ya miaka 30 na nimeona mafundi wazuri wameacha kazi wakiwa na miaka 45 kwasababu waliambiwa ndo kazi yenyewe. Uchovu wa mwisho wa siku ni kawaida, mgongo kuwaka saa nne asubuhi sio kawaida, huo ni mgongo unaokwambia kuna kitu hakijakaa sawa pale ulipo, na kwa maelezo yako naona vitu vinne sio kimoja.

Tuanze na hicho cha plastiki. Kile kiti ukikiangalia kwa pembeni utaona sehemu ya kukalia imelala kwa nyuma, makalio yanashuka chini kuliko magoti, kwasababu kimetengenezwa kwa mtu anayepumzika, mtu wa harusini, msibani, mtu anayekunywa chai kibarazani. Fundi hapumziki, fundi anainama mbele kwenye sindano. Kwahiyo kiti kinakuvuta nyuma na kazi inakuvuta mbele, na anayelipa gharama ya huo ugomvi ni kiuno. Juu ya hapo mikono yake inagonga meza, huwezi kusogea karibu, unachofanya ni kukaa ukingoni kabisa mwa kiti, si ndio? Nina hakika ndo unavyokaa. Ule ukingo ndo unabana nyuma ya mapaja, na hiyo ganzi inayoisha baada ya dakika mbili tatu mara nyingi inatokea hapo. Mto nao haukusaidia kwasababu mto laini haukushiki, unakuzamisha upande mmoja na kukunyanyua upande mwingine, na kila ukikanyaga padeli kiuno kinafanya kazi ya kukuzuia usianguke. Mito miwili ndo kabisa.

Sasa kiti cha bosi. Mwanangu hisia zako dukani zilikuwa sahihi, zifuate. Kile kiti kibaya kwako kwa sababu zilezile za plastiki na nyingine juu yake. Mikono minene haitaingia chini ya meza ya Butterfly. Mgongo mrefu hautaugusa hata siku moja kwasababu umeegemea mbele, utakuwa umenunua egemeo la mapambo. Kina cha kukalia, yaani kutoka ukingo wa mbele mpaka kwenye egemeo, ni kirefu, kimekatwa kwa mtu mrefu, wewe ukisogea mpaka nyuma ndo hivyo miguu inaning'inia, ukija mbele umerudi palepale ukingoni. Leza na joto la Dar es Salaam utatokwa jasho mpaka nguo ishike. Na matairi ndo tatizo kubwa kuliko yote kwa mtu wa cherehani ya miguu, maana kukanyaga padeli ni kusukuma, kila ukikanyaga kiti kinataka kurudi nyuma, kwahiyo bila kujua utakuwa unajishikilia na vidole vya miguu na tumbo siku nzima, jioni utaumwa sehemu ambazo hata sasa haziumi.

Kwahiyo kiti gani? Hapa watu wengi wanakosea, wanaenda dukani wanakalia viti wanasikiliza makalio yanasemaje. Kiti cha kushonea kinatafutwa kuanzia kwenye cherehani. Wewe siku nzima una tepu shingoni unapima viuno na mabega ya watu, naomba kesho asubuhi kabla hujafungua kazi uitoe hiyo tepu ujipime mwenyewe, na huyo binti akushikie upande mmoja.

Pima kwanza kutoka sakafuni mpaka juu ya meza ya Butterfly pale sindano inaposhukia. Meza nyingi za miguu zinacheza kwenye sentimita 75 mpaka 78, pima ya kwako. Halafu kaa wima juu ya kitu kigumu, bega limeshuka, kiwiko kimekunjwa, upimwe kutoka unapokalia mpaka chini ya kiwiko. Mtu wa urefu wako mara nyingi anapata 22 au 23 hivi. Ukitoa hiyo kwenye urefu wa meza unapata urefu ambao kiwiko kingelingana na meza, tuseme 76 toa 23 ni 53. Sasa kiti cha kawaida cha kulia chakula kina kama 45, umeona? Upo chini karibu sentimita 8, ndo maana mabega yako yanapanda juu kama mtu anayesikia baridi na hayashuki mpaka jioni.

Lakini usikimbilie 53, kwasababu miguu nayo ina madai yake. Pima nyuma ya goti mpaka sakafuni, nadhani utapata kwenye 38 au 39. Bahati nzuri padeli ya Butterfly ipo juu ya sakafu kwahiyo inakupandisha kidogo, ila haifiki kote huko. Hapa ndo inabidi upatane na mwili wako mwenyewe, ukae katikati, mahali ambapo mabega yameshuka na nyayo zote mbili bado zinakanyaga padeli mpaka kisigino. Kiwiko kikiwa chini ya meza sentimita tatu nne sio mbaya kwasababu ukishona mikono ya mbele inalala juu ya meza, meza inakubebea. Mguu ukikosa kisigino hakuna wa kuubeba.

Jinsi ya kupata hiyo namba bila kutumia hela: tafuta stuli ya mbao au kiti cha mbao kisicho na mikono, panga juu yake vipande vya mbao au hata madaftari yaliyobanwa vizuri, kitu kigumu sio mto, anza na 46, shona nusu siku, panda 48, shona, panda 50. Mwili utakwambia. Siku utakayosahau kwamba umekaa, hapo ndipo, pima andika ukutani kwa chaki. Mimi nisingeshangaa kama utaishia kwenye 48 au 49.

Ukishapata namba nenda Keko kwa mafundi seremala, kutoka Mbagala sio mbali na pale ndo nyumbani kwa fanicha, watakutengenezea kwa vipimo vyako. Usiseme nataka kiti kizuri. Mwambie hivi, nataka kiti kisicho na mikono kabisa. Kina cha kukalia kiwe kifupi, nikisogea mpaka nyuma vidole vitatu au vinne vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti langu, na akupime palepale, asikisie. Ukingo wa mbele auviringishe kwa randa usiwe na kona, hiyo ndo dawa ya ganzi ya mapaja. Na sehemu ya kukalia iinamie mbele kidogo sana, yaani miguu ya nyuma iwe mirefu kuliko ya mbele kwa sentimita 2 hivi. Atakushangaa, seremala wengi wamezoea kulaza kiti kwa nyuma, msisitizie, kwasababu kwa kazi ya kuinama mbele huo mwinamo unafanya kiuno kibaki na upinde wake wa asili badala ya kujikunja kama kamba. Usizidishe lakini, ikizidi utakuwa unateleza kwenda mbele na kurudi kulekule kujishikilia na miguu.

Egemeo liwe fupi, likuguse hapa kwenye kiuno juu ya mkanda wa sketi, lisiwe pana, viwiko vyako vinatakiwa viweze kurudi nyuma unapovuta kitambaa kirefu bila kugonga mbao. Watu wanasema fundi haegemei, si kweli, unaegemea kila unapokata uzi, unapopachika bobini, unapopanga pini, hizo sekunde zikijumlishwa kwa siku ni mapumziko makubwa, ila ni lazima egemeo liwe karibu vya kutosha ulipate bila kulitafuta.

Mbao, mninga ni imara na utakaa nao miaka ila ni mzito na ghali, msonobari ni mwepesi na nafuu, ukichukua msonobari hakikisha viungo vimechomekwa na gundi sio kupigwa misumari tu, na miguu iwe imeunganishwa kwa mbao za chini maana cherehani ya miguu inatikisa kiti masaa yote, kiti cha misumari kitaanza kucheza mapema tu. Chini ya miguu pigilia vipande vya mpira wa ndala kuukuu, haitelezi kwenye marumaru na haipigi kelele.

Juu yake sponji. Hapa nakuomba uwe mkali. Nunua sponji ngumu, ile ya magodoro magumu, nene ya sentimita 4 au 5 inatosha kabisa. Ikandamize kwa ngumi ukiwa umeiweka juu ya meza, ukisikia meza kwenye vidole iache, hiyo baada ya mwezi itakuwa karatasi. Na kumbuka itabonyea ukikaa, kwahiyo urefu ule ulioandika ukutani ni urefu ukiwa umekaa, mwambie seremala atoe unene wa sponji ikiwa imebonyea kwenye hesabu. Kava shona mwenyewe, vipande vya jinsi au kanvasi vilivyobaki kwa wateja ndo bora kuliko leza, havitelezi, vinapitisha hewa, na weka zipu uvue ufue. Shona kava mbili kabisa.

Umetaja benchi. Yule mteja wako mtu mzima hajakosea kabisa, benchi ni gumu, liko sawa halilali nyuma, halina mikono, kwa hayo yote linaishinda plastiki yako. Shida yake halina pa kuegemea na urefu wake ni wa kubahatisha. Mimi nilianzia kwenye karakana moja tulikuwa tunakaa watatu watatu kwenye benchi moja, mwenzako akikanyaga padeli wewe unatikisika, na yule mfupi wetu alikuwa anashona huku ameng'ang'ania kwa kidole kimoja cha mguu. Mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Ovaloki sasa. Kwenye Butterfly kichwa cha cherehani kimezama mezani, kitambaa kinatembea usawa wa meza. Ovaloki yako ndogo imesimama juu ya meza ya chakula, kwahiyo kitambaa kinatembea juu zaidi, karibu sentimita 10 hata zaidi kulingana na mashine, na wewe umekaa kiti kilekile kifupi. Hata kiti kizuri namna gani hakitaponya mabega ukiacha hiyo meza hivyo. Kwa vile mmesema hamlii tena hapo, ikate miguu. Usikate kumi kwa mara moja, kata tano kwanza, kaa, angalia kama mapaja yanapita chini yake, kisha kata tena. Padeli yake ya umeme iweke juu ya kipande cha mbao mguu usiitafute chini. Na usishone ovaloki kwa kujigeuza kiuno ukiwa umekaa kwenye kiti cha Butterfly, huko kujinyonga pembeni mara mia kwa siku nako kunachangia. Weka stuli yake kule, ukimaliza kipande unyanyuke uende. Hizo hatua tatu mwanangu ndo mapumziko yenyewe, nazipenda kuliko kiti cha kuzunguka.

Binti anayejifunza kwako anaumwa shingo kwa sababu tofauti na wewe. Yeye ni mrefu, kiwiko chake kiko juu zaidi akikaa, kwahiyo kwenye meza ileile anahitaji kiti kifupi kuliko chako, watu wanadhani mrefu apewe kiti kirefu na mfupi kifupi, kwa cherehani ni kinyume chake, meza haibadiliki. Akikalia kiti chako kipya atakuwa anainamisha shingo kutafuta sindano. Mwachie kile cha mbao ulichofanyia majaribio, bila nyongeza, mkipokezana mashine mpokezane na viti.

Kabla sijaenda kwa mumeo niulize kitu. Taa yako iko wapi? Maana mimi nilipofika miaka 43 nilipata maumivu ya shingo na kiuno nikabadilisha viti viwili ndani ya mwaka, fundi mwenzangu akanikuta nimeinama pua karibu iguse kitambaa, akasema wewe huoni. Nikapimwa macho nikapewa miwani ya kusomea, na balbu moja ndogo nikaisogeza ikawa upande wa kushoto karibu na sindano, shingo ikapona kwa kiti kilekile. Wewe una 35, miwani labda bado, lakini ukishona sare nyeusi kwa uzi mweusi usiku chini ya balbu ya katikati ya chumba lazima utainama, na ukiinama egemeo lote tulilolizungumzia hapa halina kazi. Halafu kaa pua yako ikiielekea sindano. Wengi tunaweka kiti katikati ya kichwa cha cherehani wakati sindano iko kushoto, tunashona tumejipinda kidogo siku nzima. Sogeza kiti kushoto, ni bure.

Na hata ukiwa na kiti cha dhahabu usikae masaa manne. Panga kazi ikunyanyue, ukishona vipande vitano unyanyuke ukapige pasi ukiwa umesimama, kukata fanya kwenye meza ndefu inayofika kiunoni, kama bado unakatia chini sakafuni hapo ndo unapoumalizia mgongo wako. Kunywa maji, chooni napo kutakunyanyua.

Hospitali, ndiyo, nenda, usisubiri kiti. Maumivu ya toka Januari ni ya muda mrefu vya kutosha kuonwa na daktari, kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia, omba uelekezwe kwa watu wa mazoezi ya viungo, wanafundisha mazoezi madogo ya kiuno na tumbo ambayo kiti hakiwezi kukufanyia. Na nisikilize vizuri hapa. Ganzi ya kuisha ukisimama ni kitu kimoja, lakini ikianza kushuka mpaka unyayoni na haiishi, mguu ukakosa nguvu, au ganzi ikaja sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa vikawa vigumu kuvizuia au haviji, hiyo ni siku hiyohiyo hospitali, acha nguo za wateja, acha kila kitu.

Haya, mumeo. Usimwambie dukani, usimwambie mbele ya mtu, na usisubiri mwisho wa mwezi akiwa ameshakileta maana hapo itakuwa vigumu zaidi. Mwambie leo usiku akikukanda. Anza na asante, na iwe asante ya kweli, mwambie ulivyojisikia ulipojua alikuwa anaweka akiba. Halafu mwambie kwamba ulipokikalia miguu haikufika chini ukaogopa kusema. Kesho yake mkalishe kwenye cherehani, mpe padeli akanyage dakika kumi akiwa amekalia kiti chochote chenye matairi, azime hata kwa jirani, ataona mwenyewe kinavyorudi nyuma, yeye ni dereva anajua kiti cha kazi kinavyotakiwa kushika mwili. Nina imani atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri. Usimwachie aende peke yake kudai hela, nendeni wote wawili wakati kiti bado hakijachukuliwa, muulize mwenye duka kwa upole, na kama hela hairudi mbadilishane na kitu kingine mnachohitaji, taa ya meza, meza ya kukatia, pasi nzito. Akikataa yote na kikabidi kije, basi kitolewe mikono, mara nyingi inafunguka kwa skrubu, na matairi yachomolewe yawekwe miguu isiyotembea, viti vingi vya ofisi vinakubali, kitamfaa yeye akirudi kwenye bajaji kachoka.

Na yeye ndo aende na wewe Keko. Mpe tepu ashike, akusomee vipimo kwa seremala, ile laki na arobaini iliyobaki ianzie hapo, ili kiti kibaki kuwa zawadi yake vilevile.

Nitumie hiyo namba ya ukutani ukiipata, nataka kujua imeishia ngapi. Kile cha plastiki usikitupe, kiweke mlangoni wateja wapumzikie wakisubiri kupimwa.

Mama Fundi